Kituo cha mafuta kimefungwa, visima vinanuka: halmashauri ianzie wapi?

Swali: Mimi ni diwani, nina mwaka mmoja kwenye baraza. Katika eneo langu kuna kiwanja kilichokuwa kituo cha mafuta. Kilifungwa zaidi ya miaka 10 iliyopita, pampu ziking'olewa, ila hatujui kama matangi ya chini yalitolewa. Sasa nyumba tatu za jirani zinalalamika kwamba maji ya visima vyao yananuka petroli. Maofisa wetu wanasema udongo na maji ya ardhini ni kazi ya mamlaka ya taifa ya mazingira, tusijiingize. Wakati huohuo kiwanja kinadaiwa kodi ya miaka mingi, na ipo hoja barazani tukitwae tujenge shule ya awali. Mkandarasi naye ameleta barua kwamba atachimba udongo wote mchafu na kuusomba katika wiki mbili. Nipige kura vipi?

Jibu: Mheshimiwa, kama kura ni kesho, omba hoja zote mbili ziahirishwe. Kutwaa kiwanja huenda kukaja kuwa jambo sahihi, na kuchimba vilevile, lakini leo zote zimewahi mno, kwa sababu hakuna mtu katika baraza lenu anayejua kilichomo chini ya kile kiwanja.

Maofisa wako wameshika nusu ya ukweli. Katika nchi nyingi kupanga viwango vya uchafuzi na kumfikisha mchafuzi mahakamani ni kazi ya mamlaka ya taifa. Lakini nani anatoa kibali cha ujenzi? Nani anapanga matumizi ya ardhi, nani ana faili la leseni ya biashara ya yule mwenye kituo, na nani anaweza kumtuma afisa afya akabishe hodi kwenye zile nyumba tatu mchana huu? Ni ninyi. Zipo hata nchi ambako sheria imewapa halmashauri mzigo wenyewe. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2000 halmashauri inawajibika kukagua eneo lake na kubaini ardhi iliyochafuliwa, na kwa maeneo mengi ndiyo inayomwandikia mhusika ilani ya kusafisha. Mwombe mwanasheria wenu akusomee sheria ya kwenu kifungu kwa kifungu kabla hujakubali neno "tusijiingize".

Nianze na visima, maana huko kuna watu wanaokunywa.

Zile nyumba tatu zipatiwe maji mengine sasa, pasipo kungoja maabara. Afisa afya awaambie wasinywe wala kupikia maji ya kisima, na awaambie pia jambo ambalo wengi hulikosea: wasiyachemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu. Benzeni, ambayo ndiyo sumu ya kuhofiwa zaidi ndani ya petroli, haifi kwa moto, bali inaruka pamoja na mvuke. Mama aliyechemsha sufuria nzima ili kuwalinda watoto wake atakuwa ameitoa sumu kwenye maji na kuitia kwenye hewa ya jikoni. Dawa ya klorini nayo haina kazi hapa.

Utakapofika huko, watakuonyesha ndoo yenye utando unaong'aa rangirangi juu ya maji. Usitoe tamko papo hapo. Chukua kijiti uuvuruge ule utando. Ukivunjika vipandevipande kama ganda jembamba, na vile vipande vikabaki vimeachana, yaelekea ni kazi ya bakteria wanaoishi kwa madini ya chuma, jambo la kawaida kabisa kwenye visima vingi. Ukijipinda, ukakifuata kijiti kisha ukajiunga tena, basi hayo ni mafuta. Ni jaribio la sekunde tano na limewahi kuniepusha na aibu zaidi ya mara moja. Ila lina mpaka wake: maji maangavu yasiyo na utando wowote yanaweza kuwa na benzeni iliyoyeyuka ndani yake.

Kwa hiyo maabara lazima. Hapa pia pana mtego. Niliwahi kupokea sampuli kutoka ofisi moja ya serikali ya mtaa, imewekwa kwenye chupa ya soda, imejaa nusu, imezunguka siku mbili kwenye buti la gari. Kilichokuwa kikitafutwa kilikuwa kimeshahamia kwenye ile nafasi ya hewa na kwenye plastiki yenyewe. Tungeipima, jibu lingetoka "safi", na mtu angelipeleka barazani kama ushahidi. Sampuli ya namna hii inachukuliwa kwa vichupa vya kioo vya mililita 40. Unajaza polepole mpaka maji yatune juu ya mdomo wa kichupa, unafunga, unakigeuza kichwa chini. Ukiona kiputo kimoja cha hewa, unamwaga na kuanza upya. Kisha kwenye barafu, na moja kwa moja maabara.

Sababu ya ukali huo ni hesabu ndogo tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za benzeni kwa lita. Chukua petroli yenye benzeni asilimia 1. Katika lita moja mna mililita 10 za benzeni, uzito wake gramu 9 kasoro kidogo. Gawanya mwenyewe: lita moja iliyopenya ardhini inaweza kufikisha kwenye kikomo hicho zaidi ya lita 850,000 za maji. Tangi linalovuja kidogokidogo halihitaji kuvuja sana.

Sasa swali la pili: uchafu uko wapi, na unaelekea wapi?

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Inashuka kupitia udongo mpaka ikutane na usawa wa maji ya ardhini, hapo inaelea, na sehemu yake inayeyuka na kusafiri na maji. Huo mchirizi unaosafiri sisi huuita mkia. Laiti kiwanja chenu kingekuwa karakana ya kusafisha vyuma au dobi anayefua nguo kwa kemikali badala ya maji, ningekuandikia barua nyingine kabisa, kwa sababu viyeyusho vya klorini, yaani kemikali za kuondolea grisi zinazotumika huko, ni vizito kuliko maji: vinazama hadi vikutane na tabaka lisilopitisha, na kuvitafuta ni kama kumtafuta mtu kwenye ghorofa usilolijua. Mkia wa petroli kwa kawaida una huruma kidogo. Bakteria wa udongoni wanaula. Uchunguzi wa mamia ya matangi yaliyovuja huko California katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa mikia mingi ya benzeni inasimama kabla ya kufika mita 80 hivi.

Lakini usiishike hiyo 80 kama ahadi. Kwanza, kisima kinachovutwa kwa pampu kubwa kinageuza njia ya maji na kuuvuta mkia upande wake. Pili, inategemea kilichochanganywa na petroli. Mwaka 1996 jiji la Santa Monica, hukohuko California, lilifunga visima vilivyokuwa vikitoa karibu nusu ya maji yake. Mkosaji alikuwa MTBE, kiongezeo cha petroli kinachoyeyuka kirahisi kwenye maji na ambacho bakteria hawana hamu nacho. Ndiyo maana inabidi mjue kituo kile kiliuza nini na miaka gani, na habari hiyo haipo kwenye udongo. Imo masijala kwenu: leseni, michoro iliyoidhinishwa ya matangi, ripoti za zimamoto, mihtasari ya vikao vya zamani. Mtume karani mmoja mwenye subira akae humo wiki nzima. Hakuna fedha mtakayotumia vizuri zaidi ya hiyo.

Baada ya masijala ndipo mtoboe visima vya uchunguzi, navyo visipungue vitatu, vikae pembetatu. Ukipima kina cha maji katika vyote vitatu siku moja unapata mteremko, na mteremko unakuambia mkia unaelekea kwa nani. Katika mchanga maji yanaweza kwenda sentimita chache hadi mita nzima kwa siku. Kwenye mfinyanzi ni polepole mno. Bila mwelekeo huo, kusema "nyumba tatu" ni kusema tu nyumba zilizolalamika. Ya nne inaweza kuwa ndiyo inayokunywa zaidi, ila haijasikia harufu.

Kuna jambo moja ambalo madiwani hawaulizi, nami nakuomba uliulize kikao kijacho: je, bomba la maji ya kunywa linapita karibu na kile kiwanja, na ni la plastiki? Kemikali za petroli zinapenya plastiki. Kijiji cha Lekkerkerk nchini Uholanzi kilijengwa kwa sehemu juu ya ardhi iliyofukiwa mapipa ya taka za kemikali, na mabomba ya maji ndiyo yaliyofichua siri. Mwaka 1980 familia za nyumba zipatazo 270 zikahamishwa. Bomba mnaloweza kulihamisha mwezi huu kwa mita chache ni rahisi kuliko hilo.

Tuje kwa mkandarasi wako na wiki zake mbili.

Sina ugomvi na kuchimba. Penye tangi bovu lililozungukwa na udongo uliolowa, kulitoa tangi na udongo wake ndiyo hatua ya kwanza yenye maana. Ugomvi wangu ni na neno "wote". Tuseme kiwanja kina mita 20 kwa 30, na mtachimba mita 2 tu. Hizo ni mita za ujazo 1,200, zaidi ya tani 2,000, yaani safari zisizopungua 100 za lori la tani 20. Unazipeleka wapi? Nani amekubali kuzipokea, kwa kibali gani? Na maji yaliyokwisha kuchafuka chini ya hapo, lori litayabebaje? Udongo ukiondoka, mkia unabaki. Kuushughulikia kuna njia zake: kunyonya mvuke kutoka ardhini, kupuliza hewa chini ya maji, kusukuma maji nje na kuyasafisha, au kuwaacha bakteria wamalize huku mkipima kila msimu. Ipi inafaa, vile visima vitatu ndivyo vitakavyosema.

Na kuchimba kwa pupa kunaumiza watu. Mji wa Corby nchini Uingereza ulikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, kikafungwa mwaka 1980. Halmashauri ikachukua eneo na kuanza kulisafisha, nia njema kabisa, kazi iliyokwenda hadi miaka ya 1990. Malori yalisomba tope lenye sumu kupitia mjini, likimwagika barabarani, likikauka na kuwa vumbi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba halmashauri ilizembea katika kuisimamia kazi hiyo, katika kesi ya vijana waliozaliwa na kasoro za viungo. Mwaka uliofuata ikakubali kulipa fidia. Huo mfano naupeleka kwa kila halmashauri inayoniandikia, kwa sababu aliyeshitakiwa hapo ni aliyesafisha. Kwa hiyo barua ya mkandarasi ijibiwe kwa hadidu za rejea zenu wenyewe: turubai juu ya kila lori, matairi kuoshwa getini, vumbi na mvuke kupimwa mpakani mwa kiwanja, stakabadhi ya kila shehena kutoka kwa anayeipokea. Na asimamiwe na mtu asiyelipwa naye.

Kukitwaa kiwanja kwa ajili ya kodi ni suala la sheria kabla ya kuwa la sayansi. Katika nchi nyingi anayepokea ardhi anapokea na dhima yake. Marekani walilazimika kurekebisha sheria, mara ya mwisho kwa upana mwaka 2018, ili serikali za mitaa zinazopata ardhi ya namna hii zisijikute zinabebeshwa bili ya mchafuzi bila kosa. Kama kwenu hakuna kinga kama hiyo, siku mnayoandikisha hati kwa jina la halmashauri ndiyo siku yule mwenye kituo atakapolala usingizi mnono. Deni la kodi ni kamba mliyomfungia. Msiikate kabla hajalipia walau uchunguzi.

Shule ya awali pale? Hapana, si sasa, na jibu langu halitabadilika kwa urahisi. Mvuke wa petroli unapanda kupitia nyufa za sakafu, na watoto wanacheza chini, karibu na sakafu. Historia ya Love Canal, huko Niagara Falls, jimbo la New York, inaanza hivihivi. Kampuni ya Hooker ilikuwa imefukia takriban tani 20,000 za taka za kemikali kwenye mfereji wa zamani. Mwaka 1953 bodi ya elimu ya mji ikachukua eneo hilo kwa dola 1. Hati ilitaja kwamba chini kuna taka za kemikali. Imeandikwa, imesainiwa! Wakajenga shule, barabara na mabomba yakakatiza mle, nyumba zikafuata. Mwaka 1978 dharura ikatangazwa na familia zikaanza kuondolewa. Onyo lilikuwepo tangu mwanzo, lakini lilikaa kwenye kabati, halikuwa kwenye meza ya anayetoa vibali.

Hapo ndipo nionapo kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya isipokuwa halmashauri. Mkandarasi ataondoka, mshauri kama mimi ataondoka, ofisa wa taifa atahamishwa. Mkia wa petroli unaweza kuhitaji miaka mingi, na wa viyeyusho miongo. Katika muda huo wote lazima mtu akumbuke: hapa hakuna kuchimba kisima, hapa msingi usizidi kina fulani, hapa ukitaka kujenga kwanza weka kinga ya mvuke. Yaingizwe kwenye ramani ya mipango, kwenye kumbukumbu za hati, na kwenye fomu ileile anayoijaza fundi anapoomba kibali. Kama sheria inawaruhusu, tungeni sheria ndogo ya kuzuia visima vipya katika eneo la mkia. Kama vibali vya visima vinatolewa na chombo kingine, kiandikieni na mkipelekee ramani.

Je, halmashauri iende mbali zaidi, iongoze usafishaji wenyewe? Wakati mwingine, ndiyo. Mfano ninaoupenda ni mji wa Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1990 waligundua kuwa maji chini ya katikati ya mji yalikuwa yamechafuliwa na viyeyusho vya viwandani, mkia wenye urefu wa kilomita 6 hivi. Benki zikasita kukopesha mtu yeyote aliyekuwa na jengo juu yake, hata muuza vitabu asiyehusika. Wangengoja serikali kuu na kesi za wachafuzi, mji ungekauka. Badala yake manispaa ikaingia mkataba na jimbo mwaka 1991, ikabeba usafishaji, ikawapa wamiliki wasio na hatia vyeti vya kuwaondolea dhima, na benki zikarudi. Thamani ya mali iliporejea, sehemu ya kodi iliyoongezeka ikatengwa kulipia kazi, na wachafuzi waliojulikana wakadaiwa sehemu yao. Leo maji yaliyosafishwa yanapita kwenye kituo cha elimu chenye tangi la samaki. Lakini angalia walichokuwa nacho: mapato makubwa ya kodi, jimbo lililokuwa tayari kusaini, na vipimo vya kina kabla ya ahadi. Kiwanja chenu kimoja hakihitaji mitambo hiyo.

Jambo moja, hata hivyo, linawahusu ninyi kama miji mikubwa: kuwaambia watu mapema. Tokyo ilipohamishia soko lake la samaki Toyosu, kwenye eneo lililokuwa kiwanda cha gesi, serikali ya jiji ilitumia fedha nyingi sana kusafisha udongo. Kisha mwaka 2016 ikajulikana kwamba udongo safi uliotangazwa kuwekwa chini ya majengo haukuwekwa. Palikuwa na vyumba vitupu. Gavana alikuwa ameshasimamisha uhamisho, na soko halikuhamia mpaka Oktoba 2018. Kwa sehemu kubwa walichokuwa wakidaiwa kufikia hapo ni maelezo. Kwa hiyo zile nyumba tatu zipewe nakala ya majibu yao siku ileile mnayoyapata ninyi, mabaya au mazuri.

Hoja mbadala ya kuipeleka, basi, iwe fupi: maji mbadala kwa kaya zilizoathirika, ilani ya maandishi kwa mmiliki na nakala kwa mamlaka ya taifa, mkitaja tarehe ya kujibiwa, upekuzi wa masijala, fedha za visima vitatu, zikiandikwa kama deni juu ya mmiliki kama sheria inaruhusu, na kusitisha vibali vyote vya ujenzi na visima katika eneo la mita mia chache mpaka ramani ipatikane. Mamlaka ya taifa ikiona mmeanza na karatasi zenu zimenyooka, uzoefu wangu ni kwamba huja haraka zaidi.

Na majibu ya maabara yatakapofika, usiridhike na neno "haikuonekana". Tafuta safu inayoonyesha kiasi kidogo kabisa ambacho mtambo wao unaweza kukitambua. Kama ni mikrogramu 50 kwa lita, na kikomo cha maji ya kunywa ni 10, karatasi hiyo haijawaambia chochote kuhusu vile visima. Irudisheni mkaombe ipimwe upya kwa njia inayofika chini ya 10.